Furu, Sangara na Mwanga wa Ziwa

Mwaka 1985, mwaka uleule Mwalimu Julius Nyerere alipong'atuka, samaki mmoja wa Ziwa Victoria alipewa jina lake. Waliompa ni Els Witte-Maas na Frans Witte, watafiti wa Kiholanzi waliokuwa wakifanya kazi Mwanza. Kwa Kilatini cha wanabiolojia aliitwa Haplochromis nyererei, na mwaka 1998 akahamishiwa kwenye jenasi mpya ya Pundamilia kwa ajili ya mistari myeusi inayoshuka ubavuni mwake. Urefu wake hauzidi sana sentimita 10. Dume lina mgongo mwekundu na mbavu za manjano. Jike limefifia, rangi yake ni ya udongo wa ufukweni, wala hutamtazama mara mbili. Anaishi kwenye miamba, na kwenye miamba hiyohiyo, juu yake kidogo, anaishi ndugu yake Pundamilia pundamilia. Majike ya samaki hawa wawili hata mtaalamu huyachanganya. Madume hayachanganyiki: la huyu wa pili lina rangi ya buluu iliyoingia kijivu.

Wavuvi wa Mwanza hawakuwa na haja ya majina hayo marefu. Kwao hawa wote ni furu, na wale wa miambani huitwa mbipi. Furu ni kundi la ajabu. Wataalamu hukadiria kwamba ziwa lilikuwa na spishi kama 500 za samaki hawa, karibu wote hawapatikani penginepo duniani. Wapo waliokula mwani wa kwenye mawe, wapo waliovunja konokono kwa meno ya kooni, wapo waliokwangua magamba ya samaki wenzao. Wengine waliishi kwa wizi: jike la furu hubeba mayai na vifaranga mdomoni, basi wezi hawa walimvamia mama na kumlazimisha atapike watoto, kisha wakawala. Kwa mlaji wa kawaida, hata hivyo, furu alikuwa kitoweo cha mtu asiye na hela: mdogo, mwenye miiba, akianikwa juani na kuuzwa kwa mafungu.

Mwaka 1977 Chuo Kikuu cha Leiden kilipeleka kikosi cha utafiti Mwanza, kikajulikana kwa ufupisho wa HEST. Kazi yao ilikuwa kuwafahamu furu kabla hawajavuliwa wakaisha, kwa maana miaka ile meli za kukokota nyavu zilikuwa zimeanza kuwapeleka kwa tani kwenye kiwanda cha unga wa samaki mjini. Hesabu za mwanzoni mwa miaka ya 1970 zilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wa tabaka la chini la ziwa ilikuwa ya furu. Kila wavu ulipovutwa, watafiti walikuta mezani spishi ambazo hakuna kitabu kilichozitaja. Walizipa majina ya utani ili kazi iendelee, na nyingine zimebaki na majina hayo ya muda hadi leo. Mmoja wao, Tijs Goldschmidt, aliandika baadaye kitabu kizima kuhusu miaka ile, na ukikisoma unaona wazi kwamba hawakujua walikuwa wamefika ukumbini sherehe ikielekea ukingoni.

Kabla ya kufika kwenye balaa lenyewe, inabidi turudi nyuma miaka 15,000 hivi.

Mwaka 1996 Thomas Johnson, mwanajiolojia wa Kimarekani, pamoja na wenzake walichapisha matokeo ya kuchimba tope la chini ya ziwa. Walitoboa mahali penye kina kikubwa, ambako leo juu yake pana maji ya karibu mita 70. Chini ya tope laini walikuta udongo mgumu uliopasuka kwa jua, wenye mabaki ya vijizizi vya majani. Mawimbi ya sauti waliyoyatuma chini yalionyesha kwamba tabaka hilo kavu limetandaa kila mahali. Maana yake ni moja: mwishoni mwa enzi ya barafu, mvua zilipopungua katika ukanda wetu, Ziwa Victoria lilikauka. Mahali ambapo leo meli hupita kati ya Mwanza na Bukoba palikuwa mbuga. Maji yalirudi miaka kama 15,000 iliyopita au pungufu kidogo.

Hapo wanabiolojia walichanganyikiwa. Kama ziwa lilikauka, basi furu wote 500 wametokea baada ya hapo. Kwa viwango vya mageuzi ya viumbe, miaka 15,000 ni usiku mmoja. Badiliko jipya lenye faida katika vinasaba halitokei kila siku, na likitokea huchukua vizazi vingi kusambaa. Sasa mabadiliko ya kutosha taya za aina 500, meno ya aina 500 na rangi za aina 500 yangepatikana wapi kwa muda mfupi hivyo? Geoffrey Fryer, Mwingereza aliyewajua samaki wa maziwa ya Afrika kuliko karibu mtu yeyote wa rika lake, alikataa katakata. Alisema jiolojia imekosea, ziwa halikukauka lote, maana samaki hawawezi kufanya kazi hiyo kwa haraka kiasi kile. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Hesabu aliyoipiga ilikuwa sahihi kwa mtu anayedhani kila tofauti lazima izaliwe upya.

Fryer huyuhuyu anaingia katika historia hii kwa mlango mwingine. Mwaka 1960 aliandika kupinga mpango wa kupandikiza sangara katika Ziwa Victoria. Hakuwa wa kwanza. Michael Graham, aliyelipima ziwa mwaka 1927 na 1928 kwa niaba ya serikali za kikoloni, alikuwa ameshaonya kwamba kuleta samaki mkubwa mla samaki kutoka ziwa jingine ni hatari kubwa. Lakini maofisa wa uvuvi wa Uganda waliwaona furu kama uchafu: samaki wengi wasio na bei, ambao ingefaa wageuzwe kuwa samaki mkubwa mwenye bei. Walikuwa pia na hamu ya samaki wa kuvua kwa mchezo. Wakati wanasayansi wakijadili, sangara alikuwa ameshaingizwa ziwani kimyakimya mwaka 1954 upande wa Uganda. Mwaka 1962 na 1963 akapandikizwa rasmi, Entebbe na Kisumu.

Kwa zaidi ya miaka ishirini hakukuonekana jambo kubwa. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1970 sangara alilipuka katika Ghuba ya Nyanza nchini Kenya, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 akawa amefika Mwanza kwa wingi. Nyavu za utafiti zilizokuwa zikijaa furu zikaanza kuja na sangara watupu, na matumboni mwa sangara hao furu wa mwisho. Furu walipokwisha, sangara wakala dagaa, uduvi na watoto wao wenyewe. Inakadiriwa kwamba spishi kama 200 za furu zilipotea au kubaki kwa uchache mno. Ni miongoni mwa maangamizi makubwa ya wanyama wenye uti wa mgongo yaliyowahi kushuhudiwa na watu waliokuwa wakiyahesabu papo hapo.

Mwanzoni wavuvi walimlaani sangara kwa kuwachania nyavu. Haukupita muda wakamwita mkombozi. Viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza, Musoma, Kisumu na Jinja. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, mabondo yakaenda Asia, na mapanki yakabaki kwa wenyeji. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ziwa lilikuwa likitoa zaidi ya tani 300,000 za sangara kwa mwaka. Simulizi nyingi za Ziwa Victoria huishia hapa: samaki mbaya kaja, kala samaki wazuri, basi. Mimi naona simulizi hiyo ni nusu tu, na nusu yenyewe si ile yenye mengi ya kufundisha.

Furu alianikwa juani akakauka. Sangara ana mafuta mengi, jua halimwezi. Lazima akaangwe au abanikwe kwa moshi. Kuni zikahitajika, vilima vya kandokando vikavuliwa miti, udongo ukaanza kuteremka ziwani na mvua. Mashamba yakaongezeka, miji ikakua, maji machafu yakaingia. Fosforasi iliyokuja na tope ililisha mwani, na mwani ulipokufa ukazama na kuoza, ukaila oksijeni ya chini. E. B. Worthington, aliyeshiriki katika upimaji wa 1927, alizamisha sahani nyeupe katikati ya ziwa na kuendelea kuiona mpaka kina cha mita 7 hivi. Miaka ya 1990 sahani kama hiyo mara nyingi ilipotea kabla ya mita 3. Ziwa lilikuwa limeingia giza.

Nani aliyejali giza? Alijali kijana wa Kijerumani, Ole Seehausen, aliyefika Mwanza akiwa mwanafunzi na kuanza kufuatilia mbipi wa miambani, ambao sangara hakuwapata kirahisi. Alizunguka kisiwa hadi kisiwa, kutoka Makobe katika Ghuba ya Speke ambako maji ni maangavu, hadi ndani kabisa ya Ghuba ya Mwanza ambako maji ni kama chai ya maziwa. Makobe aliwakuta pundamilia wa buluu juu na nyererei wekundu chini, kila mtu na kwake. Visiwa vya Python na Kissenda, ambako maji yana ukungu kiasi, aliona makundi mawili bado yapo, ila katikati yao wapo wenye rangi za mpitompito. Luanso, kwenye tope zito, hapakuwa na wawili tena. Palikuwa na samaki mmoja, hana wekundu wa kueleweka wala buluu ya kueleweka.

Aliporudi maabara alifanya jaribio ambalo urahisi wake unapendeza. Aliweka madume ya rangi zote mbili nyuma ya vioo, akawaachia majike yachague. Kwenye taa nyeupe kila jike lilimwendea dume wa aina yake. Akabadilisha taa, akaweka mwanga wa rangi ya machungwa ambamo wekundu na buluu havitofautiani. Majike yakachagua yeyote. Hakuna ukuta mwingine uliozitenganisha spishi hizi mbili: watoto wao chotara wana afya na wanazaa vizuri. Kilichozitenganisha kwa maelfu ya miaka ni jicho la jike, na jicho linahitaji mwanga. Makala hiyo ilitoka mwaka 1997, na tangu hapo ilieleweka kwamba furu wengi wangeweza kupotea bila sangara kumgusa hata mmoja. Wangeyeyukia ndani ya wenzao.

Lakini kwa nini jike la nyererei lipende wekundu na la pundamilia lipende buluu? Jibu lilipatikana ndani ya jicho, kwenye molekuli.

Nyuma ya jicho, katika retina, kuna seli zinazoitwa koni, na ndani yake kuna protini ya opsini. Opsini hujikunja na kufanya kama kifuko, na ndani ya kifuko hukaa molekuli ndogo iitwayo retinali, inayotokana na vitamini A. Retinali inapopumzika imepinda. Chembe ya mwanga ikiigonga, inanyooka ghafla; kule kunyooka kunaisukuma opsini ibadilike umbo, na badiliko hilo huanzisha mlolongo wa ishara unaofika kwenye ubongo kama kuona. Kila mnyama mwenye uti wa mgongo, binadamu pia, huona kwa njia hiyo. Retinali yenyewe karibu ni ileile kwa wote. Kinachoamua iitikie rangi gani ni kuta za kile kifuko, yaani asidi amino zipi zimeizunguka. Badili moja tu iliyo karibu na retinali, na jicho linasogea kidogo kuelekea buluu au kuelekea nyekundu.

Watafiti wa Japani, Yohey Terai na Norihiro Okada, walianza kusoma jeni za opsini za furu, na mwaka 2008 wakiwa pamoja na Seehausen walichapisha matokeo ya visiwa vya Mwanza. Jeni iliyowashughulisha ni ile ya koni za mwanga wa mawimbi marefu, ambayo wataalamu huiita LWS. Protini yake ina asidi amino zaidi ya 350. Kati ya hizo, tatu tu ndizo zilizotofautiana kati ya maumbo mawili makuu waliyoyakuta. Umbo la kwanza, walilolipa herufi P, hupokea vizuri zaidi mwanga wa nanomita 544. La pili, H, ni la nanomita 559. Tofauti ni nanomita 15, kitu ambacho wewe na mimi tungekiita kijani na kijani-njano, tukaendelea na safari yetu. Kwa furu ndiyo tofauti ya ukoo na ukoo.

Sababu yake iko kwenye maji. Katika Ziwa Victoria chembe zinazoelea humeza kwanza mwanga wa buluu, hivyo kadiri unavyoshuka ndivyo mwanga unaobaki unavyoelekea kwenye njano na wekundu. Pundamilia anaishi juu, kwenye mwanga mchanganyiko, na Makobe karibu wote wana P. Nyererei anaishi chini zaidi, na karibu wote wana H. Jike mwenye H akiwa chini, dume la buluu kwake ni kivuli kati ya vivuli. Dume jekundu linawaka. Jicho lililozoeshwa na uteuzi asilia kutafuta chakula katika mwanga wa aina fulani ndilo hilohilo linalochagua mchumba, kwa hiyo makazi na mapenzi vikaenda pamoja bila mtu kuvipangia. Miaka kadhaa baadaye Martine Maan na wenzake huko Groningen waliwakuza samaki hawa, na machotara wao, chini ya taa zilizoiga mwanga wa juu na wa chini. Kila spishi iliishi vizuri zaidi chini ya taa ya kwao. Kumbe jicho lisilofaa haliharibu uchumba peke yake, linapunguza umri.

Luanso napo panaeleweka sasa. Katika maji yenye tope, buluu humezwa ndani ya mita moja au mbili. Samaki akishuka kidogo kutafuta mdudu anakuwa amepita tabaka zote za mwanga, akipanda anazipita tena. Hakuna jicho linaloweza kuchagua upande. P na H zinapatikana humo, lakini haziambatani na rangi yoyote.

Hadi hapo ilibaki hoja ya Fryer. Sawa, asidi amino tatu zinatosha kutenganisha spishi mbili. Lakini hizo tatu zilipatikana lini, kama ziwa lilikuwa kavu juzi tu?

Jibu lilikuja mwaka 2017, na lilimfurahisha kila aliyewahi kusumbuliwa na hesabu ile. Joana Meier, akifanya kazi na Seehausen nchini Uswisi, alisoma vinasaba vya furu wa Victoria na wa maziwa jirani, akavilinganisha na vya samaki wa mito inayozunguka. Furu wetu hawakutokana na ukoo mmoja. Wametokana na ndoa ya koo mbili zilizokuwa zimeachana kwa muda mrefu sana, mmoja wa upande wa Kongo na mwingine wa upande wa Nile ya juu, zilizokutana katika eneo hili miaka kama 150,000 iliyopita na kuchanganyika. Kila ukoo ulikuja na akiba yake ya jeni zilizojaribiwa tayari kwa vizazi vingi mitoni. Na kwenye LWS, makundi mawili makubwa ya maumbo ya jeni hiyo yanaonekana kutoka kila moja kwa mzazi wake: jicho la mto huu na jicho la mto ule.

Kwa hiyo ziwa lilipojaa tena, furu hawakuhitaji kungoja mabadiliko mapya. Walifanya kama fundi cherehani mwenye gunia la vitambaa vizuri vya zamani, ambaye hahitaji kusuka hata uzi mmoja ili atoe mitindo mia. Fryer alikuwa sahihi kwamba muda haukutosha kuzua. Hakujua kwamba uzushi ulikuwa umekamilika kabla ya ziwa kukauka, ukahifadhiwa kwenye miili ya samaki waliosalia mitoni na kwenye vinamasi.

Meier alirudi pia kwenye visiwa vya Ghuba ya Mwanza, na huko akakuta jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha historia hii yote. Wale samaki wa buluu na wekundu wa Python na Kissenda, wanaofanana sana na wale wa Makobe, hawakutokana nao moja kwa moja. Vinasaba vinasimulia kwamba nyererei kutoka nje waliingia kwenye ghuba iliyokuwa na pundamilia, wakachanganyika nao, na kutoka katika mchanganyiko huo wakachambuka upya: buluu juu na P yake, wekundu chini na H yake. Spishi mbili zilivunjika, kisha zikajengwa tena, kwa vifaa vilevile. Kuchanganyika ambako Luanso tunakuita kifo cha spishi, hatua chache kaskazini kulikuwa ndiyo kuzaliwa kwake. Kinachoamua ni kama mwanga upo wa kutosha wa kuchambulia, na kama maumbo yote mawili ya jeni bado yamo.

Ushahidi mwingine ulitoka tena kwenye tope la chini, mwaka 2023. Nare Ngoepe na wenzake walichambua meno na mabaki mengine madogo ya samaki yaliyozama tangu ziwa lianze kujaa. Ilikuwa rahisi kudhani furu walitamba kwa sababu waliwahi kufika. Tope linakataa. Samaki wa koo nyingine walikuwepo tangu mwanzo pamoja nao, kwenye maji yaleyale, wakiwa na nafasi ileile. Furu ndio waliosambaa kutoka ufukweni hadi kwenye maji ya kina, wakagawanyika na kuzidi wote. Hao wengine hawakuwa na gunia.

Turudi kwenye miaka ya 1990, kwa sababu sangara naye alianza kuvuliwa kupita kiasi, na alipopungua baadhi ya furu walijitokeza tena. Mmojawapo ni Haplochromis pyrrhocephalus, mla vijidudu vinavyoelea, ambaye miaka ya 1980 alikuwa ametoweka kwenye nyavu za Mwanza. Frans Witte alikuwa na vielelezo vyake vya zamani kwenye chupa, akavilinganisha na wa sasa. Samaki aliyerudi hakuwa yuleyule. Macho yalikuwa yamepungua ukubwa, na matamvua, viungo vya kupumulia, yalikuwa yameongezeka eneo kwa zaidi ya nusu. Mlo wake ulikuwa umehamia kwenye mawindo makubwa zaidi. Yote hayo ndani ya miongo miwili, jambo linaloeleweka zaidi ukikumbuka kwamba maji aliyorudi kuyaishi yana oksijeni kidogo.

Hapa lazima tuwe waangalifu, maana si kila badiliko la mwili ni badiliko la jeni. Kule Leiden watafiti waliwagawa furu wa tumbo moja mara mbili, nusu wakawakuza kwenye maji yenye oksijeni ya kutosha na nusu kwenye maji yenye oksijeni kidogo sana. Ndugu hawa wa baba mmoja na mama mmoja walikua tofauti. Wale wa maji mabovu walikuwa na matamvua makubwa zaidi. Damu yao nayo ilikuwa na uwezo zaidi wa kunasa oksijeni, na katika spishi mojawapo, Haplochromis ishmaeli, mchanganyiko wa aina za hemoglobini wenyewe ulikuwa umebadilika. Jeni zilikuwa zilezile; zilizowashwa na zilizozimwa ndizo zilizotofautiana. Hivyo sehemu ya kile Witte alichokiona kwenye chupa zake huenda ni uteuzi wa vizazi, na sehemu ni mwili mmoja kujirekebisha wakati wa kukua. Mwili unaoweza kujirekebisha hivyo huipa spishi muda wa kupumua hadi uteuzi uifikie.

Mary Kishe-Machumu wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, alifuatilia milo ya hawa waliorudi, na alikuta wengi wao hawali tena walichokula mababu zao wa miaka ya 1970. Spishi zilizokuwa na mlo wake kila moja sasa zinagombea sahani moja. Wengine rangi zao haziingii kwenye maelezo yoyote ya vitabu, na watafiti wanapowapima wanaona dalili za mchanganyiko wa spishi mbili au zaidi.

Mbali na watafiti, furu waliorudi wana kazi nyingine. Katika uvuvi wa migonzo, ule wa kamba ndefu zenye mamia ya ndoano, furu mdogo aliye hai ndiye chambo kinachopendwa. Huchukuliwa alfajiri, hutungwa mmoja mmoja bila kuulizwa spishi yake, na jioni wavuvi humtumbukiza kwenye maji ya kina ili sangara amfuate.